Goma: Unataka kuweka mapave kwenye parsele? Anza kwa kuuliza maji yataenda wapi

Kwetu Goma, mtu akipata pesa kidogo, anafikiri kwanza bati, kisha ukuta wa parsele, kisha portai. Siku hizi kuna kitu cha nne: mapave. Ukitembea Himbi, Katindo, Kyeshero ao hata Ndosho, unaona parsele mingi zimepangwa yale matofali ya simenti toka kwenye portai mpaka kwenye baraza. Inapendeza. Moto inaingia bila kutoboka pneu, watoto hawaumii miguu juu ya mawe ya lava, na lile vumbi jeusi linapunguka ndani ya nyumba.

Mimi mwenyewe niliweka. Na mimi mwenyewe nililipa mara mbili kwa kazi moja. Katika makala hii ninaeleza namna kazi inafanyika, hesabu yake, na makosa ya kuepuka, ili wewe ulipe mara moja tu.

Usiku ule maji yaliingia kwa jirani

Ilikuwa mwezi wa nne, wakati wa mvua kubwa. Mapave yangu yalikuwa na miezi mitano. Saa nane ya usiku nikasikia mtu anapiga portai kwa nguvu. Ilikuwa mama jirani wa upande wa chini, kitenge kimelowa mpaka magotini. Hakutukana. Alinishika mkono tu akanipeleka kuangalia kwake. Maji yalikuwa yanatoka kwangu, yanapita chini ya ukuta, yanaingia moja kwa moja ndani ya jiko lake. Unga, makala, viatu vya watoto vya masomo, vyote vilikuwa vinaelea.

Mbele ya mapave, maji ya mvua yalikuwa yanaingia ndani ya mawe ya parsele yangu na kupotea. Lava yetu inakunywa maji. Mimi nilifunika ile lava, nikaipa maji barabara nzuri ya kuteremka, na mwisho wa barabara ile ilikuwa jiko la jirani. Fundi hakuniuliza maji yataenda wapi. Na mimi sikumuuliza.

Asubuhi nikaona tatizo la pili. Pale magurudumu ya gari hupita, mapave yalikuwa yamezama, mengine karibu sentimita tano, sawa vile njia ya ng'ombe. Nilifikiri mapave ni mabaya. Kumbe tatizo lilikuwa chini yake.

Kwa nini mapave, na sio kumwaga betoni?

Watu wengi wanauliza swali hili, na liko na maana. Betoni inamwagwa siku moja, kazi inaisha. Lakini tukumbuke mahali tunaishi. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka mpaka Buhene, kwenye mlango wa mji. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, nyufa zikafunguka ndani ya barabara na ndani ya nyumba, na tarehe 27 Mei wakaaji wa kartie kumi waliombwa kuondoka. Wengi wetu tulitembea kwa miguu mpaka Sake.

Betoni ikipasuka, imepasuka. Unaivunja yote ao unaishi na ufa. Mapave hayashikamani kwa simenti. Kila moja liko peke yake, linashikwa na mchanga na majirani zake. Ardhi ikisogea kidogo, yanasogea nayo. Kama sehemu moja imezama, unayatoa pale tu, unarekebisha chini, unarudisha yale yale. Kama REGIDESO ao fundi wa tiyo anataka kupitisha bomba, hauharibu kitu. Unatoa mstari mmoja, kisha unaurudisha.

Kitu kingine: katikati ya mapave kuna nafasi ndogo inayojazwa mchanga. Sehemu ya maji ya mvua inapita pale. Sehemu tu, sio yote. Ndio maana mteremko ni lazima.

Udongo wetu sio udongo

Vitabu na video mingi za ujenzi vinasema: chimba sentimita 30, ondoa udongo, weka kokoto. Kule ni sawa. Hapa Goma, ukipiga jembe mara moja, linarudisha cheche. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa Kivu, ikafunika karibu sehemu 13 kwa mia ya mji, na watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Watu walirudi wakajenga juu ya lava ile ile. Chini ya parsele mingi hakuna udongo: kuna jiwe gumu, kuna mawe yaliyolegea, na katikati yake kuna mashimo na mapango madogo.

Hayo mashimo ndiyo yaliyonila pesa. Fundi wangu alitandika mchanga moja kwa moja juu ya mawe ya lava, akapanga mapave, ikaonekana sawa kama meza. Mvua zilipoanza, mchanga ule uliteremka polepole ndani ya mashimo, na mapave yakabaki juu ya hewa. Gari ikapita, yakazama.

Dawa yake iko moja: kuziba toka kubwa mpaka ndogo. Kwanza vunja vichwa vya mawe vinavyotokeza, kwa nyundo kubwa na burini. Kisha jaza mashimo makubwa na mawe ya ukubwa wa ngumi. Juu yake weka kokoto kubwa, kisha kokoto ndogo pamoja na vumbi lake la kuponda. Kila tabaka lishindiliwe mbele ya kuweka lingine. Ukimwaga bidoni ya maji juu ya tabaka la mwisho, maji yapite lakini kokoto isisogee. Mchanga unakuja nyuma ya hapo tu. Wenye kupata kile kitambaa cha kuchuja, kinachoacha maji yapite na kuzuia mchanga, wanakitandika katikati ya kokoto na mchanga, na ni vizuri sana. Lakini usiweke bashi ya plastiki: itashika maji, na mapave yatakuwa yanaogelea.

Hesabu mbele ya kutoa pesa

Tuchukue mfano. Toka portai mpaka kwenye nyumba ni mita 10, upana mita 4. Hiyo ni mita kare 40.

Mapave ya mustatili, yale ya sentimita 20 kwa 10, yanaingia 50 ndani ya mita kare moja. Kwa hiyo unahitaji 2,000, na unaongeza kama 100 kwa yale yatakayokatwa ao kuvunjika. Yale yenye umbo la mfupa hayana hesabu moja kila mahali. Mwambie mwenye kuuza akupangie mita kare moja mbele ya macho yako, uhesabu mwenyewe.

Unene ni jambo kubwa. Kwa miguu na moto, sentimita 6 zinatosha. Kama gari inaingia, chukua sentimita 8. Kama kamio ya mchanga ao ya maji itaingia, usishuke chini ya 8, na chini yake kokoto iwe nzito zaidi.

Kokoto: tabaka la sentimita 15 juu ya mita kare 40 ni mita kibe 6 kisha kushindilia. Inaposhindiliwa inashuka, kwa hiyo nunua karibu 7 na nusu, bila kuhesabu mawe ya kuziba mashimo. Mchanga wa kulalia: sentimita 4 mara mita kare 40, ni mita kibe 1.6, pamoja na kidogo cha kujaza nafasi.

Andika hesabu hii kwenye karatasi mbele ya fundi kufika. Fundi akikuta mwenye parsele anajua mita kibe, mazungumzo yanabadilika.

Namna ya kujua pave zuri

Mapave yetu mengi yanatengenezwa hapa hapa, kwa simenti inayotoka Rwanda ao Uganda, mchanga, na kokoto ya lava ambayo vijana na mama zetu wanaponda kwa nyundo kando ya barabara. Hiyo kokoto haifanani yote. Sehemu ya juu ya lava iko na matundu kama mkate, ni nyepesi, inavunjika. Sehemu ya ndani ni nzito, nyeusi, imefungana. Pave lililotengenezwa na lava ya mkate linakunywa maji na kumomonyoka. Uliza kokoto yake inatoka wapi, na uishike mkononi. Uzito unasema ukweli.

Kisha simenti. Kipimo kizuri ni mfuko mmoja wa kilo 50, bruweti moja ya mchanga na bruweti mbili za kokoto ndogo. Hiyo inatoa karibu mapave 90 ya sentimita 20 kwa 10 kwa 8. Mtu akikuambia kwamba mfuko mmoja unamtolea 150, usifurahi kwamba bei iko chini. Anakuuzia mchanga uliovaa nguo ya simenti. Kwa mapave 2,000 ya mfano wetu, mifuko 22 ao 23 ndiyo ya kweli.

Tatu ni muda. Simenti haikauki tu kama nguo. Inakomaa, na ili ikomae inahitaji maji. Pave linapaswa kufunikwa na kumwagiwa maji siku 7, na linafikia nguvu yake karibu siku ya 28. Hapa kwetu, mahali bidoni ya maji inalipwa, watengenezaji wengine wanaruka hatua hii. Uliza yametengenezwa lini. Kama ni wiki iliyopita, lipia kidogo uyaweke kando, ungoje.

Majaribio manne hayaombi mashine. Gonga mapave mawili: yakilia kama chuma ni vizuri, yakitoa sauti ya mbao achana nayo. Kwaruza na msumari: ukitoa unga mwingi, simenti haiko. Angusha moja toka kwenye kiuno juu ya ardhi: lisipasuke vipande. Tumbukiza moja ndani ya ndoo: mapovu mengi yakitoka, ndani liko na matundu. Fanya hivi kwa mapave matano ya kuchagua wewe, sio yale anayokupa muuzaji.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Wakati mzuri ni kati ya mwezi wa sita na wa nane, mvua ikiwa imepunguka. Kazi kwenye mvua inawezekana, lakini mchanga uliolowa haunyooki vizuri.

Kwanza, alama. Weka misumari na kamba, na upime usawa kwa nivo ao kwa ile tiyo nyeupe yenye maji ambayo masoni wanajua sana. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita moja. Kwa mita 10 ni tofauti ya sentimita 20 toka juu mpaka chini. Mteremko utoke kwenye nyumba kwenda nje, isiwe kinyume. Angalia pia mlango wa portai: ukiisha kuongeza kokoto, mchanga na pave, portai itafunguka bado? Watu wamelazimika kukata portai zao kwa kusahau swali hili.

Pili, tabaka za chini, kama nilivyoeleza. Shindilia kila sentimita 10 kwa damezi. Kama hakuna mashine, mti mzito wa mikono unaweza kusaidia kwa njia ya miguu, lakini kwa gari kodisha mashine hata siku moja. Hapa ndipo pesa yako inalala. Kitu hakionekani, ndio maana kinaibiwa.

Tatu, pembeni. Mapave bila mpaka yanatembea kama kundi la mbuzi bila mchungaji. Weka bordire za betoni ao mstari wa mawe uliofungwa kwa simenti pande zote, mbele ya kuanza kupanga.

Ya ine, mchanga wa sentimita 3 mpaka 4, unanyooshwa kwa ubao mrefu juu ya bomba mbili. Mchanga wa mto, safi, ni bora kuliko vumbi la lava lenye udongo. Usiushindilie na usikanyage ndani yake tena.

Ya tano, kupanga. Mpangaji anasimama juu ya mapave aliyokwisha kuweka, sio juu ya mchanga. Kwa mahali gari inapita, mpango wa mgongo wa samaki, ule wa mapave yanayoshikana kwa pembe, ndio wenye nguvu. Mistari ya moja kwa moja inapendeza lakini magurudumu yanaisukuma. Kati ya pave na pave acha milimita 2 mpaka 5. Mapave yabaki juu kidogo, karibu sentimita moja, juu yatashuka kwa kushindiliwa.

Ya sita, mwaga mchanga mwembamba mkavu, fagia uingie kwenye nafasi zote, pitisha damezi, fagia tena. Rudia kisha wiki mbili ao tatu, na kisha mvua kubwa ya kwanza. Wengi wanasahau hii ya mwisho, na mapave yanaanza kucheza kama meno ya mzee.

Watu wa kazi wavae miwani wakati wa kuvunja lava. Kipande kidogo cha lava ni kama kioo, na jicho haliuzwi sokoni. Kwa kukata mapave na mashine, wamwage maji ili vumbi lisipande mapafuni.

Sasa maji

Turudi kwa jiko la mama jirani. Mvua kubwa ya milimita 40 juu ya mita kare 40 inaleta litre 1,600. Hizo ni bidoni 80 za litre 20. Ongeza paa la mita kare 60, zinaingia bidoni 120 zingine. Jumla bidoni 200, kwa mvua moja. Ndani ya mji ambao watoto wanalala na kuamka wakitafuta maji na bidoni za njano, sisi tunatupa bidoni 200 ndani ya nyumba ya jirani.

Kwa hiyo gawanya maji mara mbili. Ya paa, yapitishe kwenye mugereji mpaka ndani ya sitene ao mapipa. Ni ya kufua, kuosha na kujenga. Moshi wa volkeno unashuka pamoja na mvua yetu, njo maana bati zetu zinaoza mapema. Usiyachukue kama maji ya kunywa.

Ya mapave, yapeleke kwenye mfereji mdogo wa chini wenye wavu wa chuma, kisha kwenye shimo la kunywesha maji, lililojazwa mawe. Shimo la mita moja na nusu kwa moja na nusu, kina mita mbili, likijazwa mawe linashika karibu mita kibe moja na nusu, na wakati huo huo lava inaendelea kunywa. Mara nyingi lava yenyewe iko na ufa wa asili. Fundi mwenye akili anautafuta kwanza mbele ya kuchimba. Mbele ya shimo, tengeneza kisanduku kidogo cha kushika matope, ukisafishe kila mwezi wakati wa mvua. Shimo likizibwa na matope, limekufa.

Liwe mbali na musingi wa nyumba, na mbali zaidi na choo. Usielekeze kamwe maji ya mvua ndani ya shimo la choo. Goma inajua kolera vizuri, hatuhitaji kuikaribisha.

Na usipeleke maji kwenye avenyu bila kusema na mtu. Kuna mtu anaishi mwisho wa avenyu ile.

Mbele ya kuchimba, kumbuka mazuku

Upande wa magharibi ya mji, Mugunga, Bulengo, Lac Vert, na sehemu zingine karibu na ziwa, kuna mazuku: ile hewa nzito inayotoka chini, haina harufu wala rangi, inalala kwenye mashimo na kuua watu na nyama. Ni mbaya zaidi usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa hakuna. Ukiona panzi, mijusi ao ndege wamekufa ndani ya bonde dogo la parsele, usichimbe pale, usitume mtu kuchimba. Uliza kwanza OVG, wale wa Observatwari ya volkeno ya Goma. Na mtu akianguka ndani ya shimo, usiruke nyuma yake bila kuwaza. Wengi wamekufa wawili wawili kwa njia hiyo. Mutoe kwa kamba.

Mkataba, hata na ndugu

Benki zilipofunga hapa Goma mwanzoni mwa 2025, pesa ilianza kutembea mkono kwa mkono, na pesa ya mkononi haina kumbukumbu. Kwa hiyo andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: mita kare ngapi, unene wa pave, tabaka ngapi za kokoto, mteremko unaelekea wapi, nani ananunua nini, siku ngapi, bei ngapi. Saini mbili, na shahidi mmoja, hata mkubwa wa nyumba kumi.

Lipa kwa vipande. Kipande cha kwanza kwa kuanza. Cha pili wakati kokoto imeshindiliwa na wewe mwenyewe umeiona, kwa macho yako, mbele ya mchanga kuifunika. Cha tatu wakati mapave yamepangwa. Na kidogo kibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi anayejua kazi yake haogopi mvua.

Piga picha za kila tabaka na simu yako. Na bakisha mapave 30 ao 40 nyuma ya nyumba, siku moja utayahitaji.

Kama pesa haitoshi

Sio lazima kufunika parsele nzima, na mara nyingi sio vizuri. Kwa gari, mistari miwili ya magurudumu, kila moja sentimita 50 kwa mita 10, inaomba mapave 500 tu mahali pa 2,000. Katikati acha kokoto ao nyasi, na lava itaendelea kunywa maji yake. Kwa asiye na gari, njia ya mita moja na nusu toka portai mpaka kwenye baraza inatosha sana. Kokoto nzuri iliyoshindiliwa, bila pave hata moja, ni bora kuliko mapave yaliyopangwa juu ya uongo.

Na wewe mpangaji wa nyumba, usiweke pesa yako ndani ya parsele ya mwingine bila kuandikiana na mwenye nyumba namna itakavyokatwa kwenye kodi. Mapave hayabebwi kwenye chukudu siku ya kuhama. Tuseme yanabebwa, lakini kwa magomvi.

Namna ilivyoisha

Kiangazi kilipofika nilitoa mapave yote. Mengi yalikuwa mazima, njo uzuri wake. Tulikuta mashimo ndani ya lava ambayo mkono wangu uliingia mpaka begani, na mchanga wangu wote mule. Tukaziba toka kubwa mpaka ndogo, siku ine za kazi. Tukageuza mteremko, tukachimba shimo upande wa kwangu, kwenye ufa ambao mama jirani mwenyewe alituonyesha. Aliishi pale mbele ya 2002 na anajua mahali maji yalikuwa yanapotelea. Kama ningemuuliza mara ya kwanza, nisingelipa mara ya pili.

Nilimnunulia mfuko wa unga na viatu vya watoto. Alipokea, akasema tu kwamba atangoja mvua ya mwezi wa tisa ndipo atasamehe. Mvua ile ilinyesha usiku. Nilitoka na tochi, nikamkuta naye ametoka na tochi yake, kila mtu upande wake wa ukuta, tunaangalia chini. Jiko lilikuwa kavu.